Namna ya Kununua na Kutumia Virutubisho vya Mazoezi Bila Kuvitarajia Kupita Uwezo Wake

Anayeanza kunyanyua vyuma hapa Mtwara hukutana mapema na mtu wa kumwambia kwamba mwili hautajengeka bila kopo la unga. Kabla ya kutoa fedha, apime kwanza anachokula, kwa sababu unga wa protini ni chakula kilichokaushwa tu, na hauwezi kumfanyia jambo ambalo samaki wa soko la Feri hamfanyii.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu anayefanya mazoezi ya nguvu hunufaika na takribani gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 65, basi, anahitaji gramu 104 hivi. Chukua daftari uandike mlo wa siku ya kawaida, si wa siku ya shughuli. Mayai mawili ya asubuhi yana gramu 12, na kikombe cha maziwa kina gramu 8. Mchana, gramu 200 za minofu ya samaki aliyepikwa hutoa protini gramu 44 hivi, na kikombe cha mbaazi zilizoiva hutoa 11. Jioni, kikombe cha choroko kina gramu 14, na korosho za kujaza kiganja zina 5. Jumla ni gramu 94, na upungufu uliobaki unazibwa na mayai mawili zaidi.

Wengi wakiandika kwa ukweli, hata hivyo, huona kwamba kinachojaza sahani ni ugali. Hapa kusini jambo hilo lina uzito wa pekee, kwani ugali wa muhogo una protini kidogo sana hata ukilinganishwa na wa mahindi, na mtu anaweza kushiba vizuri mara mbili kwa siku huku misuli ikikosa cha kujijengea. Korosho nazo, ingawa ndizo fahari yetu, zina mafuta mengi. Anayezitegemea peke yake atanenepa kabla ya kufikia kiwango anachokitafuta.

Ikiwa pengo bado lipo, linganisha bei kwa gramu ya protini, wala usiangalie ukubwa wa kopo. Tuseme, kwa mfano tu, kopo la gramu 900 linauzwa shilingi 120,000, na kila kipimo cha gramu 30 kina protini gramu 24. Kopo zima litakuwa na protini gramu 720, yaani shilingi 167 hivi kwa gramu moja. Trei ya mayai 30 ina gramu 180. Ikiuzwa shilingi 10,000, gramu moja ni shilingi 56. Unga unabaki na faida ya wepesi kwa mtu anayetoka kazini moja kwa moja kwenda mazoezini, au kwa aliyefunga ambaye ana saa chache tu kati ya futari na daku. Zile ndoo kubwa za kuongeza uzito mimi sizipendekezi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilichomo ni wanga wa bei rahisi, ambao uji wa ulezi na karanga unautoa vizuri zaidi.

Kreatini ndiyo bidhaa pekee ya rafu ya virutubisho ambayo ningemshauri mtu mwenye afya aifikirie kwa uzito. Mwili hujitengenezea kiasi chake, na kingine hutokana na nyama na samaki. Kazi yake ni kusaidia misuli kurejesha haraka nishati ya juhudi fupi na kali, kama kunyanyua au kukimbia mbio fupi. Tafuta iliyoandikwa kreatini monohidrati, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyochunguzwa zaidi, kisha tumia gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote, na maji ya kutosha. Akiba ya misuli hujaa baada ya wiki tatu au nne. Uzito ukipanda kilo moja au mbili mwanzoni, usishangilie bado, kwani hayo ni maji yaliyoingia kwenye misuli. Unachoweza kutarajia ni kunyanyua mara moja au mbili zaidi katika seti, yaani mfululizo mmoja wa kunyanyua bila kupumzika, na faida hiyo kujikusanya kwa miezi. Anayekula samaki kwa wingi huenda akaona tofauti ndogo kuliko asiyekula kabisa. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila daktari, na yeyote anayekwenda kupimwa figo amweleze mpimaji kwamba anaitumia, kwa sababu inaweza kupandisha kreatinini, taka ya damuni inayotumiwa kupima kazi ya figo, katika majibu.

Vinywaji vya kuamsha nguvu kabla ya mazoezi ni kafeini kwa sehemu kubwa, na kahawa inatosha. Mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 400 kwa siku, kiwango ambacho vipimo viwili vya baadhi ya makopo hukipita. Ukivinywa jioni, usingizi, ambao ndio muda wa misuli kujijenga, utaharibika.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni lebo. Picha ya askari au ya risasi haiongezi nguvu ya unga. Mwishoni mwa 2011 jeshi la Marekani lenyewe liliondoa kwenye maduka ya kambi zake bidhaa zenye kichocheo kiitwacho DMAA, baada ya vifo vya askari wawili vilivyohusishwa nacho. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 kutoka nchi 13, na katika matokeo yaliyochapishwa 2004 takribani asilimia 15 zilikuwa na homoni ambazo lebo hazikuzitaja. Kwa hiyo kataa kopo linaloandika mchanganyiko bila kutaja kiasi cha kila kitu, lisilo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, au lililofunguliwa na kugawanywa kwenye mifuko. Tangu 2019 usalama wa chakula nchini unasimamiwa na TBS (Shirika la Viwango), na dawa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Muulize muuzaji bidhaa yake imesajiliwa wapi. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila boksi viache kabisa. Huenda ndani yake mna deksamethasoni, dawa inayovimbisha uso, kupandisha sukari na kudhoofisha kinga. Na aliyekwisha kuitumia kwa muda asiiache ghafla, bali aende hospitali.

Unyevu wa pwani yetu hugandisha unga upesi, hivyo funga kopo vizuri, liweke mbali na jiko, na usichote kwa kijiko chenye maji. Andika uzito unaonyanyua siku unayoanza, kisha uandike tena baada ya wiki nane. Namba zikiwa zilezile, usinunue kopo la pili.