Namna ya kumrekodi mzee wako akisimulia afande aliyempigisha kwata

Kama kwenu kuna mzee aliyepita jeshini, iwe JWTZ (jeshi la ulinzi la Tanzania) au JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), au bibi aliyekuwa sevisigeli, yaani binti wa JKT, enzi zile, mrekodi mwaka huu. Usisubiri Krismasi wala harusi ya binamu. Hesabu yenyewe haihitaji kalkuleta: aliyekuwa kijana wa miaka 20 vita ya Kagera ilipoanza mwishoni mwa 1978 keshavuka 65 saivi, na wale wa King's African Rifles (KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza) waliopelekwa Burma kwenye vita ya pili ya dunia karibu wote wametangulia, na kwa familia nyingi kilichobaki ni picha moja ukutani na mtoto anayesema tu baba alituambia jeshini walipata tabu sana. Tabu gani, nani aliwapa, alisemaje, hakuna anayejua.

Watu wengi wakikaa na mzee wanakimbilia vitani, babu uliua wangapi, na mzee anafunga mdomo hapohapo au anatoa zile stori za kwenye sherehe ambazo kila mtu keshazisikia. Mimi nashauri uanze na afande wa mafunzo. Huyo ndo mtu wa kwanza kumpokea akiwa raia, kamchukua na viatu vyake vya mjini na nywele zake, akamtoa askari. Hata asiyewahi kufika mstari wa mbele anaye afande wake kichwani, miaka 50 imepita na bado akisikia filimbi anageuka. Tena mambo ya ukuruta sio siri za jeshi, kwa hiyo mara nyingi mzee anaongea kwa raha bila kujibana.

Kabla hujaenda soma historia kidogo, maana mzee akiona hujui kitu atakuhadithia kama mtoto. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Jeshi la zamani, Tanganyika Rifles, liliasi Januari 1964 pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, likavunjwa, na JWTZ ikaanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Kuanzia 1965 hadi 1970 Wakanada walikuwa wanasaidia kufundisha jeshi letu, baadae wakaja Wachina. JKT ya lazima, ile tunayoita mujibu wa sheria, wanafunzi wa chuo kikuu waliipinga kwa maandamano Oktoba 1966 na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, ila iliendelea, ikaja kusimama 1994 na kurudi 2013. Sasa ukijua haya unaweza kumuuliza mzee swali ambalo watu wengi hawalifikirii: afande wako yeye alifundishwa na nani? Kuna wazee watakwambia sajenti wetu alikuwa mtu wa KAR kabisa, amri nyingine bado anatoa kwa Kiingereza chake cha zamani, au aliwahi kwenda kozi China akarudi na mazoezi mapya. Hapo unaona tabia inavyopita kutoka afande mmoja kwenda mwingine, na mzee mwenyewe anashangaa, maana hakuwahi kufikiria kwamba yule mtu nae aliwahi kuwa kuruta akakimbizwa asubuhi.

Mwaka usiuulize kavukavu. Ukisema ulikuwa mwaka gani atakisia, na atakisia vibaya. Muulize kambi gani, Ruvu, Mafinga, Makutupora, Oljoro, Bulombora, Mlale, afu kama ni JKT muulize operesheni gani, maana kila kundi la makuruta hupewa jina la operesheni na hilo halisahauliki, mtu anaweza kusahau birthday ya mke wake lakini operesheni yake anaitaja usingizini. Waliopita 2014 kwa mfano watakwambia Miaka 50 ya Muungano, hapo mwaka unao tayari. Kama jina halikusaidii muulize wakati yuko kambini kulikuwa na tukio gani nchini, Waziri Mkuu Sokoine alikuwa bado hai? (alifariki Aprili 1984), Mwalimu alikuwa keshang'atuka urais? (1985). Kwa hayo unaubana mwaka taratibu.

Kuhusu kurekodi. Simu yako inatosha kabisa, usikope pesa kununua maiki. Iweke flaiti modi ili isiite katikati, hakikisha ina chaji na nafasi, afu usiiweke mezani, weka juu ya khanga iliyokunjwa, la sivyo kila kikombe kikiguswa utasikia mlipuko. Feni izime, TV izime, kama kuna kuku na watoto uani funga mlango. Rekodi dakika moja ya majaribio uisikilize kwanza. Ukianza taja tarehe, mahali, na jina la mzee kama mwenyewe ameridhika, na mwambie wazi kwamba unarekodi na ni kwa ajili ya nani, usimrekodi kwa kuvizia hata kama ni babu yako mzaa mama.

Na kumsalimia, shikamoo kwanza kama kawaida, afu mkishakaa mpe ile "Jambo afande!" ya kikuruta. Wengi hucheka na kujibu kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwake.

Sasa maswali, na hapa ndo penyewe. Usiulize "afande wako alikuwa mkali?" maana jibu ni "Sana!" na mmeishia hapo. Uliza vitu vya kuonekana na kusikika. Siku mmeshuka kwenye lori, nani alikuwa wa kwanza kuwasemesha na alisema neno gani? Alikuwa amesimama wapi? Mrefu, mfupi, alivaaje kofia, alikuwa na fimbo mkononi au kirungu? Asubuhi mnaamshwa na nini, filimbi, tarumbeta, au mtu anagonga mabati ya hanga, yaani bweni la makuruta? Wewe alikuita jina gani, maana maafande hawakawii kukubatiza jina na linakufuata mpaka siku ya kufunga mafunzo. Adhabu yake anayoipenda ilikuwa ipi, kichura, pushapu, kugaragara kwenye tope, au kukimbia uwanja mzima umebeba godoro? Bwaloni mlipewa dakika ngapi za kula? Kitanda kikikutwa hakijanyooka anafanyaje? Swali moja, afu nyamaza, mpe muda. Mzee akinyamaza usiwahi kujaza, mara nyingi yuko njiani anarudi.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: usiku taa zikizimwa, afande akiwa hayupo, nani alikuwa anamuigiza? Kila hanga lina mtu wa kuigiza, yule anayechukua sauti ya afande na mwendo wake mpaka watu wanang'ata blanketi wasisikike wanacheka. Mwambie mzee aigize kama alivyokuwa anaigiza yule jamaa. Hapo utapata sauti ya afande kabisa, na utapata pia walivyokuwa wanamuona, na woga wao, na mapenzi yao kwake, vyote kwa pamoja.

Afu muombe asimame atoe amri. Hii usiiache. Isogeze simu mbali kwanza, hatua mbili tatu, maana sauti itapasua rekodi. Kama miguu inaruhusu atasimama, na utaona mwili unatangulia: visigino vinakutana, kidole gumba kinatafuta mshono wa suruali, kidevu kinapanda. Afu neno la kwanza linavutwa, "Nyumaaaaa…" na anaacha pengo, halafu "geuka!" linakatwa kama panga. Lile pengo la katikati muulize, kwa nini afande alikuwa anakawia pale? Atakueleza kwamba neno la kwanza ni la kukuandaa na la pili ndo la kutenda, na kwamba afande mjanja alikuwa anarefusha lile pengo makusudi ili amkamate kuruta mwenye haraka aliyegeuka kabla ya amri. Mwache aendelee, mguu sawa, mguu pande, mbele tembea. Kama kuna mjukuu mwambie amfundishe palepale, mzee akianza kumrekebisha mtoto, "mkono unyooke! usiangalie chini!", hapo unamsikia afande wake anaongea kwa kinywa chake. Mi naona hii ina thamani kuliko saa nzima ya maelezo.

Nyimbo za mchakamchaka nazo rekodi zote, na uliza nani alikuwa anaanzisha na nani wanaitikia, na afande mwenyewe alikuwa anakimbia nao au anapita na baiskeli pembeni. Kuna beti ambazo mzee atasita mbele ya watu, msubiri mbaki wawili.

Kuna stori utazisikia kwa kila mzee, kama ile ya afande anayesema wenye elimu kubwa hatua moja mbele, wanatoka wanajivuna, wanapewa makoleo wakachimbe choo. Usimbishie. Muulize tu taratibu, wewe ulikuwepo? Alitoka nani mbele, mnamjua? Choo kilichimbwa upande gani wa kambi? Akitaja mtu na mahali, hiyo ni yake. Akisema tulikuwa tunasikia, iandike hivohivo, tulikuwa tunasikia, nayo ina thamani yake maana inaonyesha makuruta walikuwa wanaambizana nini usiku.

Wawili wakiwa pamoja wanasisimuana sana, huyu anasema afande alikuwa na kovu shavu la kulia, yule anasema hapana la kushoto, na katika kubishana yanatoka mambo mazito. Lakini kila mmoja mrekodi peke yake kwanza. Jeshi halitoki kichwani kwa mtu eti kwa sababu amestaafu, kama mmoja alimaliza na cheo cha afisa mteule na mwenzie alibaki koplo, yule koplo atanyamaza siku nzima anaitikia ndio afande, ndio afande.

Sasa yale magumu. Sio kila kumbukumbu ya afande ni ya kuchekesha. Wapo walioumizwa, wapo walioona mwenzao anadondoka, wapo wanaomchukia yule mtu mpaka leo, na wengine wanamchukia na kumshukuru kwa wakati mmoja, anakwambia alinitesa, afu dakika tano baadae anakwambia kule Kagera nilipona kwa sababu yake, alitufundisha kulala chini kabla hujafikiri. Usimchagulie upande. Usimsaidie kwa kusema "lakini aliwajenga eeh" wala "alikuwa mnyama kweli". Andika vyote viwili.

Kwa mama na bibi zetu waliopita JKT, nashauri ahojiwe na mwanamke, bila mume wala watoto wa kiume chumbani. Mafunzo yao yalikuwa yaleyale, kwata ileile, lindo lilelile la usiku, ila kuna mambo ambayo binti wa miaka 18 aliyekuwa chini ya amri ya mwanaume porini hawezi kuyasema mbele ya kila mtu. Akisema, msikilize. Akisema tuache hapo, acha, na usirudi kwa mlango wa nyuma.

Jina la afande mwenyewe libaki kwenye daftari la familia. Ukitaka kuweka mtandaoni litoe, maana nae ana watoto na wajukuu watakaosoma. Namba ya jeshi ya mzee na vitambulisho vyake usiviposti. Kama ametunza kombati ya zamani, usiivae kupigia picha, raia kuvaa sare za jeshi ni kosa na JWTZ wamekuwa wakikumbusha mara kwa mara. Mambo ya kambi za leo na silaha usiulize kabisa, huna kazi nayo.

Ndugu zetu wa Kenya wenye wazee waliopita RTS Eldoret (chuo cha makuruta wa jeshi) au NYS Gilgil (huduma ya vijana kwa taifa), njia ni hiihii, badilisheni tu majina ya kambi.

Ukimaliza, faili lipe jina linaloeleweka, jina la mzee, kambi, mwaka, sio "Recording 14". Weka nakala sehemu mbili, na ukituma kwa Whatsapp tuma kama dokumenti. Ukiandika alichosema, andika anavyoongea, usimnyooshee Kiswahili, kama alisema "akatuambia nyie makuruta nyie" acha iwe hivo.

Na mpigie baada ya siku kadhaa, kwa sababu majina yanarudi usiku akiwa amelala, atakwambia nimemkumbuka yule wa tarumbeta. Ukienda tena mpelekee ile rekodi mpigie aisikilize, na simu nyingine iwe inarekodi wakati anasikiliza, maana atakusimamisha kila baada ya dakika kusahihisha.