Kabla hujabadilisha kitu kwenye mashine ya moyo na mapafu

Wadogo zangu wa idara za usingizi hapa Moshi mnaojiandaa kwenda Dar es Salaam kujifunza mashine hii inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji wa moyo, swali lenu huwa ni lile lile: kila mkubwa ana namna yake, tumfuate nani? Mfuateni anayeweza kuwaonyesha jambo lake amelitoa wapi. Na kulikagua alikolitoa ni kazi yenu, haijalishi ana cheo gani.

Anza kwa kuandika swali kwenye daftari kabla hujashika simu. "Damu iongezwe lini?" haitoshi. Andika hivi: mtu mzima akiwa kwenye mashine, tukisubiri HB (himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa gramu katika desilita) ishuke chini ya 7.5 ndipo tumwongeze damu, badala ya kumwongeza ikishuka chini ya 9.5, je, vifo, kiharusi, shambulio la moyo na figo kufeli vitaongezeka? Hapo una mgonjwa, una njia mbili, na una matokeo ambayo hata ndugu zake wangeyauliza. Ukishaandika hivyo, PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya kutafutia tafiti za tiba, ni bure, na muulize mkutubi wa chuo kuhusu HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufungulia makala za kulipia.

Msikubali hoja kwa sababu tu imenyooka. Damu ikigusa plastiki ya mashine, mwili huwasha kinga zake kupita kiasi. Dawa za steroidi hupoza kinga. Basi mpe mgonjwa steroidi. Hoja hii iliaminiwa miaka mingi. Kisha Uholanzi waliwagawa kwa kura wagonjwa 4,494, matokeo yakatoka 2012, na utafiti mwingine wa nchi 18 wenye watu 7,507 ukatoka 2015. Zote mbili hazikuonyesha kwamba kumpa kila mtu mzima steroidi kunapunguza vifo na madhara makubwa.

Namba nazo ziulizeni zimezaliwa wapi. Kabla ya kuingia kwenye mashine tunataka ACT (muda ambao damu iliyopewa dawa ya kuzuia kuganda inachukua hadi kuganda) ifike sekunde 480, na wengine huridhika na 400. Ile 480 ni pendekezo la mwaka 1975, na 400 imeegemea sana majaribio ya 1978 kwa kima tisa. Ushahidi mwembamba, ndiyo. Lakini mimi ile 480 siishushi, kwa sababu damu ikiganda ndani ya oksijeneta, sehemu ya mashine inayotia damu oksijeni, mgonjwa anaweza kufia mezani. Ushahidi ukiwa dhaifu, pima kwanza gharama ya kukosea ndipo uamue.

Sasa turudi kwenye damu, maana hapa ndipo penye kazi. Utafiti mkubwa wa 2017, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba kusubiri 7.5 hakukuwa kubaya kuliko 9.5, na damu nyingi iliokolewa. Kwetu, ambako ndugu hutafutwa kijiji kizima waje kuchangia, hiyo ni habari njema. Ila soma jedwali la kwanza: wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Wagonjwa tunaowapeleka Dar kutoka huku wengi ni vijana, vali za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza na mafindofindo ya utotoni. Matokeo yale yanatusaidia, lakini hayakutoka kwa watu kama hawa, na hilo liandike pembeni mwa jibu lako.

Tumchukulie wa mfano: dada wa Kibosho, miaka 24, kilo 48, eneo la mwili mita za mraba 1.45. Yuko kwenye mashine, HB 7.8, mtiririko wa damu lita 2.4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Piga hesabu ya oksijeni anayopelekewa: 7.8 mara 1.34 (mililita za oksijeni zinazobebwa na gramu moja ya himoglobini) ni 10.45, mara 2.4, mara 10 ya kubadili desilita kuwa lita, unapata mililita 251 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. (Oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu nimeiacha, ni kidogo.) Utafiti mmoja wa 2018, wa wagonjwa 326, ulilenga 280 au zaidi, na majeraha madogo ya figo yakapungua, yale makubwa hayakuonyesha tofauti. Kwa hiyo kabla hujaomba chupa, pandisha mtiririko hadi 2.7. Hesabu inakuja 282. Kwenye pampu umetoka lita 3.5 kwa dakika ukaenda 3.9, kitu ambacho kwa kawaida mrija na oksijeneta ya mtu mzima vinakimudu. Damu kwenye tangi la mashine ikishuka, au HB ikiendelea kuporomoka, omba damu bila aibu.

Maamuzi haya hayafanywi kifua kikiwa wazi. Kaeni siku moja kabla, wewe, daktari wa upasuaji na daktari wa usingizi, mkubaliane viwango, viandikwe kwenye karatasi moja inayobandikwa kwenye mashine. Akitokea wa kupinga, mwambieni alete utafiti wake usomwe mezani. Mara nyingine ndiye mwenye haki.

Halafu hesabuni wagonjwa wenu wenyewe: HB ya chini kabisa, mtiririko wa chini kabisa, chupa za damu, kreatinini (kipimo cha figo) ya kabla na ya siku ya pili. Kwa wagonjwa wachache hamtathibitisha lolote kuhusu vifo, na msijaribu. Lakini mtajua kama ile karatasi inafuatwa kweli, na isipofuatwa, anzeni kwa kumuuliza anayeendesha pampu ni kitu gani kilimzuia.