Kabla hujapakia filamu yako: namna ya kuipa alama ya umri

Kazi yangu ni kuhariri filamu fupi za vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe, hapa Mombasa. Nyingi huishia YouTube, kisha huzagaa WhatsApp. Mwongozaji akija na flash yake, rangi zimeshajadiliwa, muziki umeshachaguliwa, ila umri wa mtazamaji hakuna aliyeufikiria. Nikiuliza, najibiwa: "Aah bro, andika 18 tu yaishe." Haiishi. Ukiibandika 18 filamu isiyostahili, umewafukuza watazamaji wako mwenyewe. Ukiiacha wazi inayostahili 18, mtoto wa gredi ya nne ataona mtu akichinjwa kwenye simu ya mamake.

Chukua karatasi na kalamu, uitazame filamu mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Mara ya pili geuza kiti, usikilize tu bila kuangalia. Muziki huficha ukali wa picha, na picha nzuri huficha matusi. Ukivitenganisha, kila kimoja kinajisema. Andika dakika na kilichopo, bila maoni: 04:12 panga, damu kwenye shati. 07:40 tusi la kutajia mama. 11:05 vijana watafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, barazani. Maandishi ya chini ya skrini pia yahesabu, maana kuna watoto wanaosoma upesi kuliko wanavyosikiliza.

Sasa rudi kwenye kila mstari ujiulize mambo matatu: tukio limeonyeshwa kwa ukaribu gani, limekaa muda gani, na filamu yenyewe inalionaje. Hapa ndipo penye kazi. Nilihariri filamu ya dakika 18 kuhusu kijana anayevutwa kwenye genge la mapanga. Kwenye picha za mwanzo panga lilipanda, likashuka, na kamera ikabaki kwenye jeraha sekunde tisa. Tukakata pale panga linapopanda, tukaweka mlango unaofungwa na mguno wa aliyepigwa. Hofu ilibaki yote, jeraha likaondoka, na filamu ikashuka kutoka 18 hadi 16. Lakini kulikuwa na tukio jingine ambalo mwongozaji hakuliona kuwa tatizo: kijana mkubwa anamwonyesha mdogo jinsi ya kuvuta unga, hatua kwa hatua, kuanzia kukunja karatasi. Hakuna damu, hakuna tusi. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko panga, kwa sababu linafundisha. Wale wa muguka barazani walikuwa mandhari tu ya mtaa. Hawa walikuwa somo. Tulibakiza sura ya mdogo akiangalia, mikono ya mkubwa ikatoka nje ya fremu.

Usifanye wastani. Dakika kumi na saba za kichekesho hazioshi dakika moja ya ubakaji. Filamu hubeba umri wa tukio lake zito kuliko yote. Na kuna lisilo na umri wowote: tukio la kingono linalomhusisha mtoto, hata akiwa mwigizaji, hata kwa nia ya kukemea. Hilo usilirekodi kabisa. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya Kenya ya 2018 ina kifungu chake juu ya picha za ngono za watoto.

Kwa kipimo, tumia ngazi za Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, kwa kuwa watazamaji wameshazizoea kwenye televisheni: GE ni ya watu wote, PG mzazi awe karibu, 16 haiwafai walio chini ya miaka hiyo, 18 ni ya watu wazima. Ila karatasi yako si cheti. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu ya kuonyeshwa kwa umma ipitie kwa bodi. Kwa hiyo kama huna cheti, usibandike nembo yao. Andika "Tunapendekeza: miaka 16 na zaidi." Na hiyo PG-13 mnayoipenda kuiweka kwenye mabango, iacheni. Ilianza Marekani mwaka 1984, ni alama iliyosajiliwa ya chama cha studio za huko, na hakuna aliyekupa.

Chini ya umri andika sababu, kwa maneno ambayo mzazi anaelewa: "Mapigano ya mapanga, matusi, dawa za kulevya." Ukisema "maudhui ya watu wazima" hujamwambia kitu.

Sasa YouTube. Ukipakia, utaulizwa kama video imetengenezewa watoto. Wengi wenye filamu ya GE hujibu ndiyo, wakidhani swali ni kama watoto wanaruhusiwa kuitazama. Silo. Swali linatokana na sheria ya Marekani ya faragha ya watoto walio chini ya miaka 13. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kwa sababu yake, na kuanzia Januari 2020 kila mwenye chaneli anatakiwa kujibu. Ukisema ndiyo, maoni yanafungwa na matangazo yanayomlenga mtazamaji yanaondoka. Filamu ya harusi ya bibi na babu inafaa kila mtu, lakini haikutengenezewa watoto. Jibu hapana.

Chini yake kuna kizuizi cha umri, nacho kina mlango mmoja tu, wa 18. Wa 16 haupo. Ukikiweka, asiyeingia kwa akaunti haoni, tovuti nyingi nje ya YouTube haziwezi kuicheza, na matangazo hupungua au hukosekana. Filamu yangu ikiwa 16 kwa sababu ya mada au vurugu zisizo na ukaribu, naiacha wazi na kadi ya onyo mwanzoni. Ikiwa nasita baina ya 16 na 18, nafunga. Wala usidhani 18 ni ruhusa ya kila kitu. Ponografia huondolewa hata ikifungwa.

Picha ya jalada ipime peke yake, maana huonekana na watu ambao hawatafungua filamu. Trela vilevile, na vipande vya TikTok: filamu ya 18 inaweza kuwa na trela ya PG, ukichagua matukio kwa akili.

Mwisho, vizuizi vyote vya YouTube hubaki YouTube. Filamu ikishapakuliwa na kurushwa kwenye kikundi cha familia, au ikawekwa kwenye flash ya basi la usiku la Nairobi, kinachosafiri ni faili. Kwa hiyo kadi ya umri iwe ndani ya filamu yenyewe, sekunde saba, maandishi meupe juu ya skrini nyeusi, kabla ya jina la filamu. Jina la faili nalo limalizike kwa umri, kama "16". Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama video, ili jina lisibadilike njiani.