Namna ya kutumia hifadhi ya mafaili ya chuo kikuu kutoka kompyuta mbalimbali

Mwanafunzi wa uzamili anayesoma Mlimani na kuishi Mbagala huweza kuifanyia kazi tasnifu yake kwenye kompyuta ya maabara asubuhi, ya idara mchana na mpakato yake usiku, na kabla ya kuiwasilisha akapita steshenari kuichapisha. Wengi huunganisha vituo hivyo kwa flashi, na ndiyo maana msimamizi huletewa sura iliyokwisha kusahihishwa wiki mbili kabla, huku masahihisho yenyewe yakibaki kwenye kompyuta nyingine. Iwapo chuo chako kimekupa nafasi kwenye seva yake, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili ya watumiaji wake, nakala mama ya kila kazi ikae huko, na kompyuta zote ziwe milango tu ya kuifikia.

Kwanza nenda kitengo cha TEHAMA ukaulize anuani kamili ya seva, namna jina lako la mtumiaji linavyoandikwa, na ukubwa wa nafasi uliyotengewa. Yaandike kama unavyoambiwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya matatizo ya kuunganisha hutokana na anuani iliyokosewa herufi moja.

Kwenye Windows, fungua File Explorer, ingia This PC, kisha chagua “Map network drive”. Katika Windows 11 utaikuta kwenye vidoti vitatu vilivyo juu ya dirisha. Chagua herufi ya diski, ikiwezekana Z, ambayo iko mbali na herufi zinazochukuliwa na flashi, halafu andika anuani ikianza na mikwaju miwili ya nyuma, kwa mfano \\seva\wanafunzi. Weka alama kwenye “Connect using different credentials” kama jina unalofungulia kompyuta si lile la chuo. Jina la mtumiaji mara nyingi hutanguliwa na jina la kikoa cha chuo (domain, yaani jina la mtandao wa akaunti za chuo) na mkwaju wa nyuma. Ukiliacha, Windows huweza kudhani kuwa unatumia akaunti ya kompyuta hiyo hiyo na kuikataa nywila iliyo sahihi kabisa. Alama ya “Reconnect at sign-in” iwekwe kwenye kompyuta yako binafsi peke yake.

Kwenye Mac, ukiwa ndani ya Finder, bonyeza Command na K, kisha andika anuani ikianza na smb://. Kwenye Linux, anuani hiyo hiyo huandikwa kwenye programu ya mafaili, katika sehemu ya anuani inayofunguka kwa Ctrl na L. Programu ya Files ya iPhone nayo inaweza kuunganishwa na seva tangu toleo la iOS 13, jambo linalotosha kwa kusoma waraka ukiwa kwenye daladala, ingawa siishauri kwa kuhariri.

Kompyuta za maabara zina shida yake. Pale ambapo wanafunzi wote hufungua kompyuta kwa akaunti moja ya pamoja, huenda ukaandika kila kitu sawasawa na bado ukapewa kosa namba 1219. Sababu ni kwamba Windows hairuhusu akaunti moja ya kompyuta iunganishwe na seva ile ile kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na aliyekutangulia ameondoka bila kukata muunganisho wake. Usifungue mafaili yake. Fungua Command Prompt, andika net use ili uone miunganisho iliyopo, kisha andika net use * /delete na ukubali kwa Y. Baada ya hapo ingia Credential Manager, ndani ya Control Panel, ufute nywila yoyote ya seva ya chuo iliyohifadhiwa, ndipo uunganishe upya kwa jina lako. Hatua hizo hizo uzifanye unapoondoka, kwa sababu kufunga dirisha la mafaili hakukati muunganisho, na anayeketi baada yako atakuwa na uwezo wa kusoma, kubadilisha na kufuta kila ulichonacho.

Ukiwa nje ya chuo, anuani hiyo kwa kawaida haitajibu mpaka uwashe VPN ya chuo, yaani programu inayoiunganisha kompyuta yako na mtandao wa ndani wa chuo kupitia intaneti. Zuio hilo lina sababu nzito. Mafaili haya husafiri kwa itifaki ya SMB, yaani utaratibu ambao kompyuta hutumia kushirikiana mafaili, kupitia mlango wa mtandao (port) namba 445, na ni udhaifu katika toleo la kwanza la itifaki hiyo uliotumiwa na kirusi cha WannaCry kusambaa duniani mwezi Mei 2017. Kwa hiyo ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokutaka uwashe SMB 1.0 ili muunganisho ukubali, yaache. Fahamu pia kuwa Wi-Fi ya eduroam, ambayo vyuo hushirikiana ili mwanafunzi atumie akaunti ya chuo chake popote, ukiwa mgeni katika chuo kingine hukupa intaneti tu. Kuhusu seva ya chuo chako, bado uko nje, na VPN inahitajika.

Kupitia VPN, hasa kwa bando la simu, epuka kuhariri faili kubwa moja kwa moja kwenye diski Z. Kila unapolifungua na kulihifadhi, data husafiri kati yako na seva, na umeme au mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika. Nakili faili kwenye mpakato, lifanyie kazi, kisha ulirudishe mahali pake siku hiyo hiyo na kuifuta nakala ya muda. Kama chuo kinatoa njia ya SFTP, ambayo ni njia nyingine salama ya kuhamisha mafaili, itumie kwa mafaili mazito kwa programu kama WinSCP, kwa kuwa inaweza kuendeleza uhamishaji kuanzia pale ulipokatika.

Huenda pia Word ikakuambia kuwa faili linatumiwa na mtu mwingine, na jina inalokuonyesha likawa lako mwenyewe. Hutokea mashine inapozimika ghafla faili likiwa wazi: faili dogo lililofichwa, ambalo jina lake huanza na ~$, hubaki kwenye folda likishikilia kufuli. Subiri dakika chache seva iachie, hakikisha hakuna mwenzako anayelitumia, halafu ulifute hilo dogo peke yake.

Kuhusu steshenari, msimamo wangu ni kwamba kompyuta ya huko isiunganishwe na hifadhi yako kamwe. Hujui ina programu gani za kunasa nywila, na flashi ikichomekwa kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mteja huweza kurudi na virusi. Geuza kazi kuwa PDF ukiwa nyumbani na upeleke hiyo pekee. Anayehifadhi madodoso yenye majina ya wagonjwa au wanafunzi ana wajibu mkubwa zaidi, maana Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Unapofuta kitu kwenye diski ya mtandao, kumbuka kuwa kwa kawaida hakiendi Recycle Bin. Kinatoweka papo hapo. Ikitokea, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties na uangalie “Previous Versions”, kwani wasimamizi wengine wa seva huiwezesha kutunza nakala za mafaili kama yalivyokuwa awali. Kama hakuna kitu, wapelekee taarifa mapema, ukitaja jina la faili na saa ulipolifuta. Majina ya mafaili yawe mafupi, bila alama kama : ? * na mikwaju, kwa sababu Mac huweza kukubali jina ambalo Windows hulikataa, na programu nyingi za Windows hushindwa kufungua njia ya folda inayozidi herufi 260.

Mwisho wa masomo akaunti hufungwa, hivyo ulizia tarehe yake kabla ya mahafali. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, fungua Properties za folda zote mbili ulinganishe idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti, jaribu kufungua machache yaliyo mazito, ndipo uondoe yaliyoko kwenye seva.