SOMO: Namna ya kumtazama na kumpiga picha nyuki seremala bustanini

Wakuu, karibu kila wiki natumiwa picha ileile: doa jeusi lenye ukungu juu ya ua, na swali "huyu mdudu gani, na anauma?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika mara moja, tafadhali someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Ni yule nyuki mkubwa, mnene, mwenye mvumo mzito, anayetoboa mbao. Jina lake la kisayansi, Xylocopa, limetokana na Kigiriki na maana yake ni mkata mbao. Huku kwetu Tanga ninayemwona zaidi ni Xylocopa caffra. Jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya njano, dume amefunikwa manyoya ya njano mwili mzima. Watu wengi hudhani ni wadudu wawili tofauti. Dume hana mwiba. Jike anao, ila hautumii mpaka umbane.

1. Tafuta ua, usimkimbize nyuki. Mbaazi, marejea, bilingani na pasheni hawapiti bila kutua.

2. Jua saa ya ua lako. Pasheni ya zambarau hufunguka asubuhi. Ile ya njano hufunguka kuanzia kama saa sita mchana, kwa hiyo ukienda saa mbili utarudi bure.

3. Simama hatua mbili, jua liwe mgongoni, kivuli chako kisiguse ua.

4. Futa lenzi ya simu. Gusa ua kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha ngoja aje mwenyewe, upige mfululizo. Mwenye kamera, kasi ya shata ianzie 1/1000. Punguza mwanga kidogo, maana simu ikiona mwili mweusi huongeza mwanga na ile mikanda ya njano inatoka nyeupe.

5. Sikiliza. Akishika ua la bilingani sauti hubadilika, inakuwa kali zaidi. Chavua ya bilingani imefungiwa ndani na hutoka kwa vitundu vidogo nchani, kwa hiyo analitetemesha ua mpaka imwagike. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo.

6. Kiota. Hapa ndipo nilipokosea, naomba msome polepole. Mkonge ukishatoa ua hufa, na ule mti wake mrefu ukikauka unakuwa laini ndani. Nilikuwa nimeegemeza kipande chake ukutani nyuma ya jiko, jike akakitoboa: tundu la mviringo kamili, kama limepigwa keekee, na unga wa mbao chini yake. Pale palikuwa na kivuli, picha zikawa za giza. Nikangoja atoke, nikakibeba kile kipande hatua nne mpaka juani. Aliporudi, miguu imejaa chavua, alikwenda palepale kilipokuwa, akaelea mbele ya ukuta mtupu. Akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Nilipong'amua nilichofanya nikakirudisha haraka, lakini tundu halikutazama lilikokuwa likitazama mwanzo. Hakuingia. Wiki kadhaa baadaye nilikipasua nikakuta vyumba viwili vimezibwa kwa unga wa mbao, na cha tatu kina nusu donge la chavua iliyochanganywa na mbochi. Nyuki huyu hutaga mayai machache sana, na kila yai linahitaji donge lake kabla ya chumba kufungwa. Kazi ya siku nyingi niliikatiza kwa sababu ya picha.

Kwa hiyo: usihamishe kiota hata shubiri moja. Usisimame mbele ya tundu, kaa ubavuni. Usiondoe ndoo, kiti wala chungu kilicho karibu, maana njia ya nyumbani anaikariri kwa vitu hivyo. Usimulike tochi ndani, na usiingize kijiti "kuona kama yupo".

MASWALI

Kijana Shambani: Mkuu, anauma?

Jibu: Aya ya pili.

Fundi Paa: Hawa wanakula boriti za kibanda changu. Nipe jina la dawa ya kupuliza.

Jibu: Hawali mbao. Wanachimba, unga wanautupa nje. Dawa sitaji hapa, na usinifuate pembeni kuiuliza. Paka boriti rangi au vanishi, wao hupenda mti mkavu usiopakwa kitu. Kisha waegemezee kipande cha mkonge mkavu mbali na kibanda.

Mwalimu wa Darasa la Tano: Wanafunzi wangu wanaogopa mmoja wa njano anayeelea usoni karibu na uzio, hasogei. Kwa nini anafanya hivyo?

Jibu: Swali zuri sana, mwalimu. Huyo ni dume, analinda eneo lake akingoja majike. Rusha kijiwe kidogo kipite kando yake, kisimpige: atakifukuza, kisha atarudi palepale. Wanafunzi wakiona hivyo mara tatu hofu inaisha. Na kwa picha ya nyuki akiwa hewani hakuna wepesi kama huyu, kwa kuwa anarudi mahali pamoja. Funga fokasi hapo, subiri.

Bibi Bustani: Katika picha yangu nimeona vidudu vidogo kama chawa pale kiunoni. Anaumwa?

Jibu: Shikamoo bibi. Haumwi. Huo ni utitiri. Jike wa aina nyingi za Afrika ana kifuko maalumu mwanzoni mwa tumbo anamobebea utitiri huo, hata kwenye kiota kipya anahama nao. Una jicho kali, wengi hawauoni. Tuwekee picha hiyo hapa, nasi tuone.

Mkulima wa Muheza: Pasheni yangu ya njano inatoa maua mengi, matunda hakuna. Nyuki wa asali wamejaa.

Jibu: Wa asali ni mdogo, anachukua chavua bila kugusa sehemu ya kike iliyo juu. Seremala anapita chini yake mgongo ukipaka chavua. Una mashina mangapi?

Mkulima wa Muheza: Moja.

Jibu: Pasheni ya njano haikubali chavua yake yenyewe. Panda la pili kutoka mbegu nyingine. Likichanua, beba chavua kwa kidole kutoka shina moja hadi jingine mchana huohuo, maana ua likishafunga halifunguki tena.