Somo: Kusoma kitabu cha kielektroniki kwa NVDA na Thorium

Assalaam aleikum ndugu zangu. Somo hili nimewaandikia wenzangu wasioona wa Unguja na Pemba ambao wameshazoea kibodi, lakini bado vitabu wanasomewa na watu.

Mimi mwenyewe nilisomewa kwa miaka mingi. Baada ya sala ya alasiri kijana wa nyumbani alikuwa akikaa nami barazani hapa Wete, akasoma mpaka koo likamkauka, na kila nilipotaka turudi nyuma kurasa tatu kuhakiki jambo, niliona haya kumwomba, nikaliacha likapita. Kwa hiyo nasisitiza tangu mwanzo kwamba kusoma si kusikiliza kitabu kinavyotiririka tu. Kusoma ni kuweza kurudi, kuruka na kusimama pale unapotaka wewe.

Hatua ya kwanza ni kuipata NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo hailipiwi hata senti. Walioianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran na James Teh wa Australia, ambao wenyewe hawaoni, na naamini ndiyo sababu imekaa sawasawa na mahitaji yetu. Kuipakua hakukulazimishi kumsubiri mwenye macho. Katika Windows 10 na 11 shikilia Control pamoja na kitufe cha Windows, kisha bonyeza Enter. Narrator, msomaji wa skrini aliyemo ndani ya Windows yenyewe, itaanza kusema, nawe utafungua kivinjari na kwenda nvaccess.org. Ukishalipakua faili na kuliendesha, NVDA huanza kuongea yenyewe hata kabla ya kusakinishwa, basi hapo hapo izime Narrator kwa vitufe vile vile, ama sivyo sauti mbili zitagongana. Asiye na kompyuta yake achague kutengeneza nakala ya kubebeka, aiweke kwenye flashi, aende nayo chuoni au popote penye kompyuta.

Kitufe cha NVDA ni Insert. Wenye laptopu waiwekee alama Caps Lock katika dirisha la makaribisho ili nayo ifanye kazi hiyo.

Hatua ya pili ni sauti ya Kiswahili. Bonyeza NVDA, Control na S, uchague eSpeak NG, injini ya sauti inayokuja na NVDA. Kisha NVDA, Control na V, na katika orodha ya sauti utafute Kiswahili. Sauti hiyo ni kavu, na wengi huikataa siku ya kwanza. Nawasihi muivumilie, kwa sababu haitegemei intaneti: mtandao ukikatika wewe unaendelea kusoma, na sikio likishazoea unaweza kuiongeza kasi bila maneno kuharibika.

Hatua ya tatu ni Thorium Reader, programu ya kufungulia vitabu vya kielektroniki, inayotengenezwa na EDRLab ya Paris, nayo pia ni ya bure. Inafungua vitabu vya EPUB na vya DAISY, yaani aina mbili za faili za vitabu vya kielektroniki. Ukishaisakinisha, tembea kwa Tab mpaka usikie kitufe cha kuingiza kitabu, chagua faili lako, kisha kifungue kitabu kwa Enter. Hapa sina mengi ya kusema.

Hatua ya nne ndiyo yenye utamu. Weka vidole vya shahada juu ya F na J, penye vile vinundu viwili vidogo, kisha sogeza kidole cha kulia hatua moja kushoto: hapo ni H. Ukiibonyeza unaruka hadi kichwa cha habari kinachofuata, na ukiibonyeza pamoja na Shift unarudi kilichopita. Fahamuni kwamba Thorium hufungua sehemu moja ya kitabu kwa wakati, kwa hiyo H hutembea ndani ya sehemu hiyo tu. Kwenda sura ya mbali, tumieni orodha ya yaliyomo. Kusomewa mfululizo ni NVDA na mshale wa chini, au NVDA na A kwa mpangilio wa laptopu, Control hunyamazisha. Control na F hutafuta neno. Ukiona mishale au H hazikuitikii, bonyeza NVDA na kitufe cha nafasi kubadilisha hali ya usomaji, maana aghalabu tatizo ni hilo. Ukikifunga kitabu, Thorium hukumbuka ulipoishia, na siku ya kwanza nilipokifungua asubuhi nikakuta sentensi ile ile niliyoiacha usiku, nilikaa kitako nikamshukuru Mungu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mkoani: Maalim, kitabu changu ni cha Kiswahili na sauti nimeichagua ya Kiswahili, lakini kinasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Nimekosea wapi?

Hujakosea, mwanangu. Aliyekitengeneza kitabu ameandika ndani ya faili kwamba lugha yake ni Kiingereza, na NVDA inamtii. Rudi kwenye NVDA, Control na V, utafute kisanduku cha kubadilisha lugha moja kwa moja, ukiondolee alama.

Mwanachama wa Tunguu: Shikamoo Maalim. Nimeletewa PDF ya masomo, lakini NVDA inasema ukurasa hauna kitu.

Marahaba. Hiyo ni picha ya karatasi, haina maandishi. Bonyeza NVDA na R, nayo itatambua herufi zilizoonekana kwenye skrini wakati huo, si faili zima. Kwa hiyo utarudia kila ukurasa. Hakikisha pazia la skrini, yaani kile kipengele cha NVDA kinachoifanya skrini iwe nyeusi, halikufungwa. Maneno kama ng'ombe yahakiki kwa makini, kwani ritifaa huweza kupotea.

Mwanachama wa Chake Chake: Vitabu vyenyewe tutavipata wapi, Maalim?

Dada yangu, Project Gutenberg ina EPUB nyingi za bure, ingawa nyingi ni za Kiingereza. Bookshare, maktaba ya mtandaoni, huwahudumia wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliwekwa makusudi ili vitabu vya namna hii viweze kuvuka mipaka ya nchi. Vya Kiswahili bado ni haba, nami hilo linaniuma. Kwa sasa anza na walimu wako: waombe wakuletee faili la Word badala ya picha, na kila kichwa cha habari wakiwekee mtindo wake kwa Control, Alt na 1, si kukikoza wino tu. Ukilifungua, bonyeza NVDA na kitufe cha nafasi, kisha H.