Kuchangisha nauli ya mionzi

Tiba ya mionzi kwa saratani ya matiti hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi wiki tatu hadi tano. Kwa hiyo mkimchangia mgonjwa nauli, anzeni na hesabu, fulana za pinki za kampeni baadaye. Tuseme mama anatoka Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa siku 15, na kwenda na kurudi ni sh. 4,000: hiyo ni sh. 60,000. Akiwa na wa kumsindikiza, 120,000. Ongezeni za bajaji kwa wiki za mwisho. Ngozi ya kifuani na kwapani huwaka, na kung'ang'ania bomba la daladala kwa mkono wa upande uliopasuliwa ni mateso.

Michango isiingie kwenye simu ya mtu mmoja. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili. Ahadi ziandikeni, ila msizipangie matumizi mpaka zilipwe. Jina na picha ya mgonjwa visisambazwe WhatsApp bila ridhaa yake.

Nauli mpeni kila Jumatatu. Ya mkupuo humezwa na kodi ya nyumba kabla ya wiki ya pili. Na bakizeni akiba ya siku tatu: mashine ikiharibika, ratiba husogea.